Mdomo wa Bomba Namba Nne

...dakika mbili tu, wakubwa zangu, fundi kasema, na dakika mbili za fundi nani asiyezijua, huanza anapotaka yeye na kwisha anapotaka yeye, kapanda juu ya kiti na viatu vyake vya vumbi, kaifungua projekta kifuniko, anaipuliza ndani kwa mdomo kama mtu anayewasha jiko, na ukutani, pale palipokuwa na ramani, ramani ya miezi kumi na minne ya maisha yake, sasa pamebaki mraba wa buluu mtupu, na mapazia yamefungwa, kwa hiyo chumba kizima cha mkutano kina giza la uongo ilhali nje ni saa nne asubuhi na jua linawaka, na yeye, ambaye ofisi nzima humwita Mama Ramani hata amesahau lini walianza, amekaa mkono wa kushoto wa mwenyekiti na karatasi ya kutiwa saini, ramani hiyo hiyo iliyochapwa, iko mbele yake, mbele yake yeye hasa, kwa sababu mchoraji ndiye anayesaini wa kwanza, ndio utaratibu, mchoraji, halafu mhandisi wa maji, halafu Bwana Viwanja, halafu wajumbe, mwenyekiti wa mwisho, na picha ikirudi tu ukutani mwenyekiti atasema haya, tumeiona, tusaini twende, na yeye atashika kalamu na atakuwa ameudanganya mji mzima, au atafungua mdomo na atakuwa amemuuza baba yake mzazi, hakuna la tatu, amelitafuta tangu juzi la tatu, halipo.

Maana mpango wa kanda, wa pa kujenga na pa kuacha wazi, si tangazo la mnada useme kesho tutabandika jingine, ukishapita umepita, miaka ishirini, na mstari mwekundu alioupitisha pale si wa mzaha... uwanda wote ule wa nyasi, kuanzia nyumba za mwisho za mji mpaka chini ya vilima, ukipita na gari unauona hauna kitu, Bwana Viwanja wa idara ya ardhi husema kila siku "ardhi imelala tu ile, imelala kama mgonjwa," lakini kazi yake ndiyo huko kulala, mvua inateremka vilimani, inafika uwandani, inatulia, inazama polepole, na mji mzima unaunywa uwanda ule bila kujua, kila ndoo, kila birika, hata hizi chupa walizopangiwa mezani asubuhi hii, na yeye kwa mkono wake mwenyewe ameukata vipande viwili, magharibi pabaki wazi daima, mashariki viwanja elfu nne, nyumba, barabara, bati na lami, na maji ya mvua yakishakutana na bati na lami yanajua njia moja tu, mtaroni na kwaheri ya kuonana... na kwa nini aliupitisha mstari pale, kwa nini hakuurudisha nyuma mpaka nyumba za mwisho kama moyo wake ulivyotaka mwanzoni, kwa sababu ya kisima namba nne, kwa sababu ya Mwaka wa Neema, na huyu hapa mhandisi wa maji, mtu mwema, hana kinyongo na mtu, anautumia mwanya huu wa projekta kumsimulia tena Mama Bomba habari ya Mwaka wa Neema kama vile anasimulia arusi yake, "sikiliza dada, kile ni kisima cha kupimia tu, hakitekwi maji, kiko katikati kabisa ya uwanda, na maji yake yalikuwa yanashuka, yanashuka, yakafika mita kumi na nne na ushee chini, tukasema basi, tumekwisha, halafu mwaka ule ikanyesha, na mwezi mmoja tu, mmoja dada, maji yakapanda zaidi ya mita nzima, sasa uwanda kama ule si una moyo?, ukiupa mvua moja nzuri unarudi wenyewe, kwa hiyo hata tukijenga nusu, nusu iliyobaki itatubeba," na Bwana Viwanja anadakia kutoka ng'ambo ya meza, "mambo ya Mungu hayo, tugawe viwanja tushukuru," wanacheka, na Mama Bomba, ambaye anasimamia kioski cha maji cha mtaa wa chini na amekuja na daftari la shule lenye picha ya simba juu, hacheki, anauliza, "na visima vingine, navyo vilipanda hivyo?" na mhandisi anajikuna shingo, "vilipanda, shubiri moja, shubiri mbili, ila namba nne ndiyo iliyo katikati, ndiyo inayosema kweli," na Mama Bomba anasema, "haya, nyie ndio mliosoma, mimi ninachojua siku hizi nikifungua bomba alfajiri linakohoa kwanza, linakohoa weee kama babu, ndipo lilete maji," wanacheka tena, na Mama Ramani anazungusha kifuniko cha chupa yake, anafunga, anafungua, anafunga.

Linakohoa. Mwanamke yule anajua, hana ramani wala nini, anajua kwa mkono wake pale kwenye koki, na yeye aliyesomea mambo haya hakujua mpaka juzi, tena hakujua kwa akili, alijua kwa mgongo, alikwenda na dereva wa ofisi kupiga picha ya kisima kwa ajili ya jalada la ripoti, upuuzi mtupu, picha ya jalada, akafika, akalikuta bomba namba nne, chuma kinachochomoza kutoka kisimani, limesimama peke yake nyasini na rangi yake ya njano imechunika, akainama alipige picha mdomo, na alipokuwa ameinama hivyo mgongo ukamuuliza, umeinama kwa nini?... mbona zamani alikuwa haliinamii, zamani aliegemeza kiwiko kwenye mdomo wa bomba lile, akaweka kitabu juu yake akaandika kama mtu aliyesimama kaunta, na bomba halikui wala halizeeki likapinda mgongo, sasa lilikuwa chini ya goti lake, akapapasa kwa vidole na kuusikia ule mshono wa chuma, uvimbe wa fundi wa kuchomelea, na namba nne iliyopakwa rangi nyeusi ubavuni mwa bomba ilikuwa imebaki mguu tu, kichwa hakipo, kimekatwa kikaenda zake, na pale pale, dereva akiwa anapiga mluzi garini, akaelewa, kwa sababu tepu ya kupimia hushikwa mdomoni pa bomba ikashuka chini, hesabu yote huanzia mdomoni, ukiukata mdomo ukaushusha mita moja, maji yanaonekana yamekupandia mita moja, na hayajapanda hata unyayo, ni wewe uliyeshuka... hakukuwa na Mwaka wa Neema, kulikuwa na msumeno. Na ile neema wameipa sura, wameipa kichwa cha habari kwenye ripoti, mhandisi amezunguka nayo semina baada ya semina, na yeye ameiwekea mshale wa kijani kwenye mchoro, na usiku ule ule alitoa ile mita moja na kitu katika kila hesabu ya miaka kumi na minane akachora upya kwa penseli, na mstari haukupanda popote, ulishuka, mwaka hata mwaka, bila kelele, mpaka leo, na ukiuendeleza mbele kwa rula huhitaji kuwa mhandisi kuona unakokwenda, viwanja elfu nne juu yake, eti nusu itatubeba, itambeba nani.

"Jaribu sasa," fundi anamwambia katibu, katibu anabonyeza kitufe, mraba wa buluu unakonyeza na kurudi buluu, "bado, bado, msiwe na haraka wakubwa, ni waya tu," na mwenyekiti anasema, "sisi hatuna haraka, haraka anayo Bwana Viwanja, watu wake washapanga foleni," na Bwana Viwanja anasema, "wanangu wenyewe watatu hawana pa kujenga, mwenyekiti, usinicheke," naye si mtu mbaya, hakuna mtu mbaya katika chumba hiki, hilo ndilo linalomuuma Mama Ramani, angekuwepo mwizi mmoja tu hapa mambo yangekuwa rahisi, ila wote wana haja zao za halali na wote wanaiamini namba nne, na kwa nini wanaiamini, kwa sababu aliyeisoma ni Mzee Chaki, na picha ya Mzee Chaki iko pale nje ukutani kwenye ujia, kila anayeajiriwa huonyeshwa, huyu ndiye msoma visima, miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kukosa mwezi, hakuwahi kukosea hata sentimita, na chaki yenyewe ndiyo hiyo, alikuwa anaipaka kwenye ncha ya tepu ya chuma, anaishusha, anaipandisha, na pale chaki ilipolowa ndipo maji yalipo, basi, hakuna mtambo, hakuna betri, vidole vyeupe na koti lina vumbi la chaki miaka yote mpaka mama alikuwa anamwambia umeoa ubao wewe... baba yake. Na picha hiyo inacheka pale ujiani, na mhandisi alifundishwa kazi na mtu huyo, na asubuhi hii kabla ya kuja Mama Ramani alipitia kwa baba.

Alimkuta kibarazani, kikombe mkononi, macho yametanda ukungu yote mawili, kichwa kimegeukia mlio wa viatu vyake kabla hajafika, "shikamoo baba," "marahaba mwanangu, leo ndiyo leo?" "ndiyo leo baba," na akakaa kwenye ngazi chini yake, akauliza tu moja kwa moja, kwa sababu hajui kuzunguka, alirithi kwake, "baba, bomba la namba nne lilikatwa lini?" na baba akanywa chai, akameza, akanywa tena, "lilikatwa mwaka ule greda la barabara lililigonga likapinda, tukamwita fundi wa kuchomelea akaliondoa kichwa," "na mbona kitabuni haimo?" "haimo?" "haimo baba, nimekipekua ukurasa kwa ukurasa, ni mwandiko wangu wote, haimo," na hapo uso wa baba ukafanya kitu ambacho hajakielewa mpaka sasa, ukatulia, ukatulia kabisa, kama mtu aliyetafuta kitu mfukoni akakipata, akasema, "basi nilisahau kukwambia, waambie Mzee Chaki alisahau, mimi nimeshakula chumvi nyingi, watanifanya nini, watanishusha picha?" akacheka peke yake, na yeye hakucheka, alimsemesha kwa sauti ambayo mtoto hamsemeshi nayo mzazi, "baba, mtu anasahauje kitu kama hicho, maisha ya watu yako mle!" na mzee akainamisha kichwa, mzee yule ambaye hakumwinamishia kichwa bosi yeyote, akasema polepole, "uzee, mwanangu," na yeye akaondoka hajamshika hata mkono, na njia nzima alikuwa anatafuna hasira, hasira na huruma zimechanganyika kama mchanga kwenye wali, kwa sababu akilisema hili leo hawataishia hapo, watauliza mwandiko huu wa nani, watasema wa binti, na kwa nini binti aandike, na atasema nini, atasema baba alikuwa haoni?... miaka miwili ya mwisho baba alikuwa haoni, ndiyo kweli, namba za tepu zilimpotea zote, na wakaificha wao wawili kama mimba, ili astaafu kwa heshima siku yake ikifika asitolewe mlangoni kama kiti kibovu, yeye akiwa hana kazi ya maana bado, anashika tepu, anasoma chaki, anaandika, na baba anatembea mbele yake kwa kiburi kwenye njia anayoijua kwa miguu ili mtu yeyote akipita aone Mzee Chaki na binti yake wanakwenda kazini, na mafundi wakimwamkia anawaitikia kwa sauti, kila mtu kwa jina lake, hakuna aliyejua.

Kwa hiyo anyamaze, si anyamaze tu?, mita moja na kitu, nani atajua, bomba halina mdomo wa kusema, lina mdomo wa kupimia tu, asaini, picha ibaki ujiani, mzee afe na jina lake, na miaka kumi ijayo atakayeona ameona, atasema mabadiliko ya hali ya hewa, siku hizi kila kitu ni mabadiliko ya hali ya hewa, na hili lingekuwa jambo la heshima, mtoto kumsitiri mzazi wake, nani angemlaumu... ila Mama Bomba amefungua daftari lake la simba anaandika kitu kwa herufi kubwa, ulimi nje kidogo, na mtaa wa chini wana foleni ya ndoo, na yeye mwenyewe binti yake atakunywa nini akiwa na umri huu wake, na kosa lenyewe si lake, hilo ndilo analoling'ang'ania tangu juzi, si lake, baba hakumwambia, alitakiwa amwambie, macho yalikuwa yamekwisha lakini kichwa kilikuwa kizima, yeye alikuwa mkono tu, mkono unaandika unachoambiwa, hakuambiwa.

"Kwa hiyo iandikwe," mwenyekiti anasema, bila haraka, kwa sauti yake ya mikutano, "kwamba kikao kilisimama kwa muda kutokana na hitilafu ya mtambo, katibu, umeandika?" na katibu, hajainua hata kichwa, anasema, "nimeandika, mzee."

Umeandika. Nimeandika... na kifuniko cha chupa kinamponyoka, kinaviringika mezani, Bwana Viwanja anakidaka kwa kiganja anamrudishia, "vipi Mama Ramani, vifuniko vinakukimbia, si utasaini kwa dole gumba leo," na yeye anatabasamu kwa meno tu, kwa sababu hayupo pale, yuko uwandani na mvua inanyesha, mvua ya manyunyu ya upande, fundi wa kuchomelea anakusanya vyombo vyake anatukana, kichwa cha bomba kiko chini nyasini bado cha moto kinafuka moshi kila tone likikigusa, na nusu ya namba nne iko juu yake, na baba amepima kile kipande kwa mkono, kwa kupapasa, amekinyooshea tepu yeye mwenyewe akamwambia soma, na yeye akasoma, mita moja na sentimita kumi baba, na baba akasema, amesema, anamsikia, kofia inachuruzika maji, "andika pale pembeni, pembeni kwa kalamu ya wino, mdomo umeshuka mita moja na sentimita kumi, tarehe ya leo, lisisahaulike hilo mama, hilo ndilo kubwa kuliko yote," alikuwa anamwita mama alipokuwa anamtuma jambo la maana, na kitabu kilikuwa ndani ya koti lake kisilowe, kimebanwa kifuani, binti akasema moyoni, nitaandika nyumbani, na wakarudi wanakimbia, anamwongoza kwa mkono, wanacheka, na nyumbani kulikuwa na barua, mama amesimama nayo mlangoni anaipunga, amechukuliwa, amechukuliwa chuoni, atasomea mipango, jirani wamejaa, vigelegele, watu wanamrusha, koti limetundikwa msumarini linadondosha maji na kitabu kimo ndani yake... na jioni, watu walipopungua, baba amekaa pale pale kibarazani, hamwoni ila amemgeukia, akauliza, "umeandika?" na yeye ana miaka ishirini na mbili na dunia yote ni yake, akasema, kwa furaha, wala hakudhani ni uongo, alidhani ni jambo atakalolifanya sasa hivi, akasema, "nimeandika, baba."

Basi. Ndio hivyo. Mwezi uliofuata wakaenda wakapima kutoka mdomo mpya, wakaandika, na namba ikapanda, na baba aliposomewa hakushangaa, kwa nini ashangae, alijua kuna neno pale pembeni linalomweleza kila atakayekuja, na wakubwa ofisini wakaona namba imepanda wakasema neema, na baba akastaafu miezi michache baadaye, na yeye akaenda chuoni kusomea namna ya kuisoma ardhi ya wazi na maji yake, akafaulu sana, akarudi, akakichukua kitabu kile kile chenye mwandiko wake mwenyewe akakiamini... oh baba. Mzee hakusahau. Lini Mzee Chaki alisahau, anayajua mpaka leo ya visima vyote kwa kichwa, umwamshe usingizini umuulize namba saba mwezi wa tatu mwaka gani atakwambia, na asubuhi ile uso wake ulipotulia ndipo alipokumbuka yote, barua, koti, nimeandika baba, aliyaona yote na macho yake hayaoni, na kwa muda wa mafunda mawili ya chai akaamua, akaubeba, nilisahau kukwambia, uzee mwanangu, na miaka kumi na minane iliyopita alikuwa mzee gani, alikuwa mwanamume wa kubeba saruji, na yeye akamkaripia, alimkaripia baba yake pale kwenye ngazi na baba akainamisha kichwa, akapokea, kwa kosa la nani, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kumbe asubuhi nzima anapita na mzigo wake umepakiwa mgongoni kwa mzee kipofu, na anamwona mzito wa kutembea.

Anakunywa maji, maji ya uwanda, ni matamu, yamekuwa matamu siku zote, na anajua sasa kwamba tangu juzi hakuwa anamsitiri mzee hata kidogo, maneno tu, mficha uchi hazai, alikuwa anataka kunyamaza na kunyamaza kukavaa koti la baba, na akinyamaza leo mzee atabaki amesahau, na akisema kama alivyoambiwa aseme mzee atabaki amesahau, njia zote mbili za uoga zinapita mgongoni mwa mtu mmoja, na kumbe la tatu lipo, lilikuwepo tangu jioni ile, dogo, la aibu, linatosha mstari mmoja wa wino... watamuuliza kuhusu macho, atawaambia, atasema ndiyo, hakuwa anaona, na alipima kwa mkono akanituma niandike, mwenye macho ni mimi na aliyeshindwa ni mimi, picha waishushe wakitaka, ila hawatamshushia hilo, na kazi yenyewe, jina la Mama Ramani, miezi kumi na minne, vyeti, pengine vyote vinakwenda leo, anaogopa, anaogopa vibaya, na Bwana Viwanja na wanawe watatu watamwona mchawi, na mhandisi na semina zake, maskini mhandisi, atamtazama kwa jicho gani, hajui, na mstari utarudi nyuma mpaka nyumba za mwisho za mji au hautarudi, hilo si lake peke yake kuamua, watagombana, wagombane, lakini wagombane juu ya namba ya kweli.

"Jaribu," fundi anasema, katibu anabonyeza, buluu, "aah, huyu ana jini," fundi analalamika, na Mama Bomba anasema, "mpige kofi, langu huwa nalipiga," na katika kicheko kile na giza lile la mapazia anaivuta karatasi ya saini karibu yake, karatasi yenyewe, siyo nakala, ile yenye muhuri, anafungua kalamu, ya wino, na hasaini pale kwenye nukta zake, anapeleka mkono kando, pembeni, kwenye ukingo mweupe karibu na duara la kisima namba nne, na anaandika kwa mwandiko ule ule wa kitabuni, haujabadilika sana, umeinama kidogo tu, mdomo umeshuka mita moja na sentimita kumi, na anaweka tarehe, siyo ya leo, ile ya siku ya mvua, anaikumbuka kwa sababu ndiyo tarehe ya barua, na chini yake, aliyetumwa kuandika na hakuandika ni mimi, na jina lake lote, la kwanza na la baba. Wino unameta bado haujakauka. Hakuna aliyeona, mwenyekiti anajipepea kwa ajenda, mhandisi anatafuta miwani, katibu ameshika tama, na ukutani mraba ni ule ule wa buluu, na fundi juu ya kiti chake, bisibisi mdomoni, anasema, "dakika mbili tu wakubwa zangu, dakika mbili," na yeye anaweka kiganja kando ya yale maandishi, asiyafute, anayasubiri yakauke, nimeandika, baba.